Baadhi ya Watoto Wako

Akron, Oktoba 9

Baba mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, nikitumaini goti limekupa nafuu na nyanya zako zimenusurika na sungura wa jirani. Huku sijambo, ila baridi imeshaanza kubisha hodi. Ile sweta uliyonitumia mwezi wa sita naivaa kazini kila siku. Wananicheka kwa ukubwa wake, nami wala sijali.

Kazi ni ile ile, kupokea simu za watu walioharibikiwa magari na kuwapelekea gari la kuvuta. Jumamosi hii nafanya mtihani wa kuingilia chuo cha sheria. Anayeninoa ni Renata, tunayekaa naye meza moja, mwanamke mwenye mdomo mkali na roho safi. Kila mchana ananisomea maswali huku akitafuna sandwichi, na nikikosea ananiuliza kama ubongo wangu nao uitiwe gari la kuvuta. Namshukuru mno.

Neno lililonitesa ni "baadhi". Kitabu kikisema baadhi ya mahakimu ni waadilifu, mimi najibu papo hapo kwamba wengine si waadilifu. Nakosa kila mara. Juzi Renata alichoka, akaniambia, "Shoga, nikisema baadhi ya madereva wetu ni wavivu, umenisikia nikimtaja mchapakazi? Baadhi ni kuanzia mmoja. Wanaweza wakawa wote." Nilicheka, kisha nikaweka chakula changu kando.

Nilikumbuka Siku ya Shukrani ya mwaka ule nilioacha chuo, kabla sijarudi kumalizia shahada. Zamu yako ya kusema unachoshukuru ilipofika, ulisema unashukuru kwamba baadhi ya watoto wako wana akili. Ndugu zangu Roscoe na Lorna walicheka. Mimi nilikatakata bata mzinga kwenye sahani yangu, nikajitoa katika hesabu. Nimekaa nje ya hesabu hiyo miaka kumi na mmoja, na sikuwahi kukuuliza.

Sasa, Baba, niwie radhi kwa hili. Mwezi wa sita nilikwambia niliugua, sikufanya mtihani. Nilikudanganya. Niliufanya, nikapata 144 katika 180, na chuo ninachokitaka hakimwangalii mtu aliye chini ya 155. Niliona haya kukuthibitishia nilichodhani unakiamini. Nawe ukanitumia supu za kopo na sweta, katikati ya joto, ili nipone. Nisamehe.

Sijui Jumamosi nitapata ngapi. Lakini nakwenda, na sweta yako nitaivaa.

Mwezi ujao, Siku ya Shukrani, nitakuja na pai ya viazi vitamu. Zamu yako ikifika mezani, nakuomba useme maneno yale yale, usibadilishe hata moja. Safari hii nitayasikia vizuri.

Nisalimie Lorna na Roscoe, na sungura pia, kama bado wapo.

Ni mimi binti yako,
Vernita