Leo Nimelikalia Bomba la Mvuke

Eburru, Jumatano. Baridi kali, ukungu hadi mlangoni.

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Mlima huu hauna mto wala kisima. Mvua ikinyesha, haya mawe mepesi yenye matundu yanaimeza yote. Maji yetu hutoka kwenye shimo la mvuke wa moto unaofuka kutoka ardhini. Tumeuelekeza ule mvuke ndani ya bomba refu lililolala mteremkoni. Humo unapoa, unageuka maji, na huku chini yanadondoka ndani ya debe. Kambi nzima ya wafanyakazi wa pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, inakunywa hapo.

Leo asubuhi nyapara wetu, Musa, akaja na wanaume wawili wenye spana. Ati bwana mwenye shamba analitaka bomba lote, apeleke mvuke kwenye banda lake la kukaushia pareto. Sisi tuteke maji stesheni ya reli, kule chini kabisa.

Stesheni! Kwenda na kurudi siku imekwisha, na mama mkwe wangu hata chooni hafiki bila kushikwa mkono. Nani atabaki naye, mume wangu akishinda kuchuma pareto? Bila hili bomba itabidi tuhame, na hatuna pa kwenda.

Basi nikalikalia.

Si upande wa shimoni, mimi si mwendawazimu, huko linaunguza. Nilikaa huku chini, nikakunja miguu, nikamwambia, "Haya fungua, Musa. Utanibeba pamoja nalo."

Akafoka. Akasema nitafukuzwa shambani mimi na mizigo yangu. Niseme ukweli: niliogopa sana. Lakini makalio yalikataa kuondoka.

Ndipo akatokea Rebeka, mke wake Musa, na debe kichwani. Naye si hunywa hapa hapa! Nilipomweleza, alilitega debe lake kama kawaida, akaketi kando yangu.

"Baba Yusufu," akamwambia mumewe, pole pole kabisa, "chai yako nitaipikia mate?"

Wale wanaume walicheka wakasahau spana. Hata mimi nilicheka. Musa akaondoka nao.

Jioni Musa ameleta habari: kesho bwana anakuja mwenyewe, na askari. Mama mkwe ananisihi nikaombe msamaha mapema. Nampenda mama huyu, lakini hapana. Mvuke huu ulitoka hapa kabla bwana hajaujua mlima huu, na kiu yetu si ndogo kuliko pareto yake.

Rebeka amezunguka nyumba zote akizungumza na wanawake. Wengine wamekubali, wengine wametazama chini. Siwalaumu.

Mimi nitakuwa pale kabla jua halijatoka, hata nikiwa peke yangu. Tangu niolewe kwenye shamba hili, bwana akipita mimi husimama.

Kesho atanikuta nimeketi.