Haye za Alhamisi

Jumatatu, 8 Juni

"Makomredi, warithi wa mabomba makavu na ahadi kavu zaidi!" Nimeirudia sentensi hii mbele ya kioo tangu alfajiri. Bado haijakaa. "Warithi" ni neno baridi. Nitatafuta lenye moto.

Hosteli ya wasichana haina maji tangu muhula uanze. Tunanunua kwa mikokoteni ya punda langoni na kuoga kwa kopo. Uongozi wa chuo hujibu kwa barua zenye mihuri. Mimi ndiye mwenyekiti wa wanafunzi, msichana kutoka Bute, na nimeapa kwamba kiti hiki hakitakuwa cha kukalia tu.

Hodan, ninayeishi naye chumbani, aliniwekea chai. Ikapoa. Amezoea. Yeye ni wa kambi ya wakimbizi ya Hagadera, mwaka wa mwisho wa ualimu. Wanafunzi wananiita Maikrofoni. Uwanjani umati wote ni wangu. Mezani sina wa kula naye. Nimeliandika hilo na sitalifuta.

Alhamisi, 11 Juni

Baada ya swala ya Alasiri Hodan alitaka tuzungumze. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akasema kama wazee wetu wasemavyo: sentensi moja, kisha kimya, mpaka msikilizaji aitikie "haye", yaani sawa, endelea. Ndipo inakuja inayofuata. Kwetu asiyeitikia amelikataa jambo. Anayeitikia hadi mwisho amelipokea, na tangu hapo ni lake.

Niliitikia. Haye. Haye. Mkono wangu ulikuwa unaandika sehemu ya tatu ya hotuba, ile ya dhuluma. Kulikuwa na jambo la vibali, nadhani. Mwishoni akasema, "Allah akuzidishie, abaayo. Umenitua mzigo." Ananiita dada anapofurahi.

Nilifurahi kwamba amemaliza.

Jumatatu, 15 Juni

Leo nimewaka.

Uwanja ulijaa hadi kwenye uzio. "Hakuna maji, hakuna masomo!" Mtu alipiga kelele kutoka nyuma, "Maikrofoni, ongeza sauti, wakubwa wana nta masikioni!" Kicheko kama ngurumo. Kevo, naibu wangu, kijana wa Nairobi, alikuwa akirukaruka: "Chairlady ameua! Ameua kabisa!" Nilipoomba mikono ya kuunga mgomo, sikuona anga.

Hodan na wasichana wenzake wa kambini walisimama pembeni, mikono ndani ya hijabu. Hakuna hata mmoja aliyeinua. Hodan alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na ndugu yake. Nilidhani ni woga. Niliukemea woga huo hapo hapo, kwenye kipaza sauti, na umati ukawageukia na kuwazomea.

Jumanne, 16 Juni

Chuo kimefungwa. Tangazo limebandikwa langoni: kila mwanafunzi aondoke kabla ya magharibi.

Hodan alikuwa akifunga virago. Nilimwambia huu ndio ushindi unavyoanza. Hakuinua kichwa.

"Nilikuambia Alhamisi."

Nikauliza, nini.

Akakaa. Akanieleza tena, taratibu, kana kwamba mimi ni mtoto wa darasa lake. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali cha safari. Vibali vyao vinaisha wiki hii. Kupata vipya ni lazima kuwe na barua ya chuo, na chuo kilichofungwa hakiandiki barua. Sasa wanarudi Hagadera, na hakuna ajuaye watatoka lini. Mitihani ya mwisho ni mwezi ujao. Walikuwa wameomba jambo dogo tu: mgomo ungoje mpaka barua zitoke. Wenzake walitaka kwenda wenyewe kwa afisa wa chuo, mkuu wa wanafunzi, waombe barua mapema. Hodan ndiye aliyewazuia. Aliwaambia mwenyekiti ameitikia hadi mwisho.

"Ungekataa tu, abaayo. Ningejua pa kwenda."



Ijumaa, 19 Juni

Niko kwa mama mdogo, hapa hapa mjini. Kevo ameandika: "Chairlady, maji yanatiririka hosteli! Tumewanyoosha!" Simu imejaa pongezi. Hodan hapokei.

Mama mdogo ananiuliza kwa nini siongei. Anasema nyumba imekuwa kama ya msiba. Nimemwambia ni koo.

Uongo. Koo ni zima.

Jumatatu, 6 Julai

Tumerudi. Maji yapo. Wasichana wanaimba bafuni. Upande wa pili wa chumba kuna godoro tupu.

Nilikwenda kwa mkuu wa wanafunzi na hotuba ya haki ya elimu. Niliitoa yote, nikiwa nimesimama. Mzee yule alingoja nimalize, akavua miwani. "Sawa, binti yangu. Naweza kupeleka karatasi za mtihani kambini, wafanyie huko sasa. Au wangoje vibali, wafanye hapa katika mtihani wa baadaye. Wao wanataka lipi?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini. Zuri, lenye mizani. Halikuwa lao.

Nikasema, sijui.

Sikumbuki ni lini nililitamka neno hilo mbele ya mtu. Aliniambia nimletee jibu wiki ijayo, "na liwe la kwao". Nilitembea kurudi hosteli peke yangu. Watu walinisalimu kwa shangwe njia nzima. Niliona aibu mpaka miguuni.

Alhamisi, 9 Julai

Hodan amepokea simu.

Nilimwambia swali la mkuu wa wanafunzi, kisha nikanyamaza. Upande wake kulikuwa na upepo, na mwanamke akimfokea punda. Akasema watakutana walijibu wenyewe, nami niende kusikiliza, akauliza kama nitakuja na hotuba. Hapana, nikasema. Akaniambia mmoja wa wenzake hataki hata kuniona, na kwamba atakuwepo hata hivyo, kwa sababu ana maneno yake. Nikasema ni haki yake.

Nimekula wali peke yangu. Nje wanacheza mpira.

Mkutano ni Jumamosi, baada ya swala ya Adhuhuri, Hagadera, nyumbani kwa mama yake Hodan. Hodan ndiye mwenyekiti wa siku hiyo. Mimi nimepewa nafasi karibu na mlango.