Kalenda Iliyofunguka Nyumbani Tu

Oruro, Jumatatu

Mpenzi Limbert, Baba Nayra,

Mwanao amemvua muuguzi kofia sasa hivi, akaivaa, akacheka mpaka midomo ikawa ya buluu tena. Lakini anakula, jana kamaliza supu yote ya karanga.

Nilikukasirikia bure. Upasuaji wa moyo wake ni Alhamisi. Niliuandika kwenye kalenda yetu ya mtandaoni wiki tatu zilizopita, kwa kuwa huko mgodini simu haishiki, ila kalenda unaweza kuifungua kwenye kompyuta ya kambini. Ukanyamaza, nami nikanuna. Jana nikaifungua hapa hospitali, ikakataa. Kaka yako Grover akaikagua ile kompyuta uliyoifunga jikoni kwetu kuhifadhi kalenda hiyo. Kumbe simu yangu ikiwa nyumbani inaingia kwenye kalenda moja kwa moja, ila ninyi wa nje mnapokelewa kwanza na seva ya mbele, kama mlinzi wa lango, na cheti chake cha usalama kilikwisha muda, ikawa inawafungia nje.

"Shemeji," akanicheka, "ulikuwa unabandika matangazo chumbani kwako!"

Ameshatengeneza. Ila sijui kama bado unaifungua, ndiyo maana barua hii nampa dereva wa basi la Calama, akufikishie huko mgodini. Nayra kaniuliza nani atamshika mkono. Nimemwambia, baba.

Muuguzi anaita, "Mama Nayra, mlete mtoto apimwe!" Limbert, Alhamisi wanamwingiza saa mbili asubuhi, ukichelewa hata kidogo mimi nitamwambia nini? Njoo.