Mama, Ile Dawa ya Baba Isitumike

Makongeni, Nairobi
Jumanne asubuhi

Mwaitu, mama yangu,

Salamu nakupa, lakini kabla hujauliza hali yangu, chukua ile chupa ya insulini niliyotuma wiki jana uitenge. Baba asidungwe nayo tena. Dereva aliyekuletea barua hii amebeba nyingine niliyonunua duka la dawa, imo ndani ya thamosi, nimeifunga kwa kitambaa isigusane na barafu.

Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio hautulii.

Unajua pale kliniki ya Mukuru kwa Reuben ninapotunza kompyuta, kuna programu inayopima joto la friji ya dawa. Friji ikipata joto, inatutumia ujumbe. Ikinyamaza, sisi hulala usingizi. Jana nilitaka kuongeza namba ya muuguzi mgeni, Achieng', nikakuta programu imekufa. Ilidai kifurushi cha kutuma ujumbe, yaani kipande cha programu kinachofanya kazi hiyo, hakipo. Nikaagiza kiwekwe, nikajibiwa kimeshawekwa. Nikaagiza tena, jibu lile lile. Nikacheka, si unanijua.

Achieng' hakucheka. "Sasa hii mashine yako inasema iko, tena inasema haiko. Tuamini gani?"

Ndipo nikaangalia matoleo. Kompyuta iliposasishwa ilipata Python mpya, ile lugha inayoendesha programu, na ya zamani ikabaki humo humo. Vifurushi vilikuwa vikienda kwa ya zamani, na programu inaendeshwa na mpya. Ni kama kwetu tulivyo na Mutua wawili waliopewa jina la babu mmoja: stendi wanaapa mzigo wa Mutua umechukuliwa, na Mutua wetu hajauona. Nikaiamuru ile Python mpya yenyewe ijiwekee kifurushi, na programu ikaamka.

Simu zetu zikaanza kulia, ujumbe juu ya ujumbe. Kipimajoto kilikuwa kimeandika yote, ila hakikuwa na wa kumwambia. Stima ilipopotea wikendi ya wiki juzi, friji ilipata joto na hakuna aliyejua. Achieng' akaketi. "Ile ya mzee wako ulitoa lini?" akaniuliza. Niliitoa kwenye friji hiyo hiyo Jumatatu iliyofuata.

Naogopa, Mama. Anasema insulini ikiharibika kwa joto inaweza kubaki na sura ile ile. Baba anadungwa na kuamini ametibiwa. Ukiona anakunywa maji kupita kiasi, anatapika au amelegea, usingoje neno langu, mpeleke hospitali.

Nisalimie shangazi anayekusaidia shambani, na Mutua wetu, kaka yangu, ambaye najua ndiye anayekusomea haya.

Simu yako nimeipiga tangu jana na haipatikani. Huenda ni chaji tu. Juzi ningesema hivyo na kuendelea na kazi zangu, leo siwezi. Mutua, kabla hujakunja karatasi hii, tafuta simu kwa jirani unipigie. Hata kama Baba hana neno lolote, nipigie.

Binti yako,
Mwende