Picha ya Mama Bila Ushungi

Studio ya Picha,
Nyuma ya Soko la Nafaka,
Balotra, Rajasthan.
9 Juni 1994

Mpendwa mdogo wangu Sugani,

Ram Ram kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Assam, wewe, shemeji na watoto, na kwamba mafuriko uliyoyataja hayajafika dukani kwenu. Sisi hatujambo, kasoro yetu ni joto tu. Mama naye hajambo, ingawa jicho la kushoto limeota mtoto wa jicho na chai anaimimina nje ya kikombe. Ukimwambia, anasema kikombe ndicho kilichohama.

Mvua hatujaiona. Kwa kuwa ninyi mnayo ya kumwaga, tufungie kidogo kwenye bahasha. Upepo wa moto unaanza kuvuma kabla hatujamaliza mkate wa asubuhi, na ikifika adhuhuri mtaa mzima umefunga milango. Mbwa wa sokoni wamehamia mtaroni. Mchana tunakula mkate wa uwele na mtindi, jioni tunakula tena hivyo hivyo, maana Gavri mke wangu ametangaza kwamba jiko haliwashi mara mbili kwa siku hata aje mfalme.

Kazi yangu inakwenda. Harusi za Mei zimekwisha, na nimepiga picha za mabibi harusi wengi ambao hata waume zao hawatawatambua, maana wote wamejifunika. Shida ni dawa ya kusafishia picha. Kwa joto hili inapata moto yenyewe kwenye beseni, na nisipoipoza kwa barafu, filamu inalainika na sura za watu zinavurugika. Muuza juisi wa pale stendi sasa ananiuzia barafu nyingi kuliko anayotia kwenye juisi zake.

Sasa nije kwenye lile uliloniomba. Uliandika kuwa umeanza kuisahau sura ya Mama, na kwamba wanao wakionyeshwa picha za huku huuliza kama bibi ni yule aliye ndani ya kitambaa au ni kitambaa chenyewe. Gavri alicheka. Mimi iliniuma, kwa sababu nilipekua masanduku yote ya studio na sikupata picha hata moja ya uso wake. Nimepiga picha za mji mzima, na ya mama yangu sina.

Sababu unaijua. Kwetu picha hupigwa kwenye shughuli, na penye shughuli yupo Baba Mkubwa Khetaram. Tangu Mama aletwe nyumba hii akiwa bibi harusi hajamwonyesha kaka wa mumewe uso, wala hajawahi kumsemesha moja kwa moja. Baba amekufa, mimi nimeota mvi, na utaratibu uko palepale. Asubuhi zetu huwa hivi, mimi nikiwa nimekaa katikati yao:

“Pema, mwambie Baba Mkubwa wako chai inapoa.”

“Mwambie mama yako nimesikia. Mimi si kiziwi.”

“Mwambie asiye kiziwi angekuwa ameshakunywa.”

Nilijaribu mara ya kwanza Jumapili, pale barazani. Vyumbani hakuna mwanga, umeme wa mchana hatuupati siku hizi, na studio Mama amekataa kuja. Anasema hawezi kufunua uso dukani huku wanaume wanapita. Basi nikamkalisha, akapandisha ushungi, nikainama kwenye kamera. Hapo nje ya lango Baba Mkubwa akakohoa, kama anavyokohoa siku zote kabla ya kuingia ili wanawake wajifunike. Ushungi ukashuka hadi kifuani, na mimi nikapata picha nyingine ya kitambaa.

Nikaona heri nimwendee mzee nimweleze. Nilitegemea kufokewa. Aliuliza tu kama picha ni ya kumpelekea Sugani, nikasema ndiyo.

“Basi nitatoka.”

“Utakwenda wapi na mguu huo mbovu, Baba Mkubwa? Nje kunaungua.”

“Nivutie kitanda pale ukutani, nikae nikiutazama ukuta. Tangu tuujenge sijapata nafasi ya kuuangalia vizuri.”

Kesho yake asubuhi nikakivuta kitanda chake cha kamba hadi upande wa pili wa ua, akakaa akitugeuzia mgongo. Kivuli kilikuwa kwetu barazani, yeye alikuwa juani. Mama alikuja akaketi, ila ushungi hakuugusa.

“Mama, amesema hatageuka.”

“Najua hatageuka. Sikuanza kumjua leo.”

“Sasa nini?”

“Mkono haukubali.”

Gavri alichungulia kutoka jikoni, naye amejifunika vilevile, akasema, “Mama, Sugani anangoja, na mimi mkate wangu unaungua.” Ndipo Mama akaupandisha, polepole, hadi juu ya paji la uso. Amezeeka, Sugani. Nakwambia mapema ili usishtuke ukiitoa picha.

Nilichelewa. Upepo ulikuwa unaupeperusha ushungi mbele ya macho yake, nami nikawa nahangaika na lenzi, huku upande wa magharibi mbingu imeanza kuwa na rangi ya udongo. Jua lilizidi kupanda. Baba Mkubwa alijifuta shingo, akajifuta tena, akaanza kuyumba kidogo pale kitandani, lakini hakusogea wala hakugeuza kichwa. Mama alikuwa akimtazama juu ya bega langu. Nilikuwa karibu kumwambia atazame kamera.

“Shemeji,” Mama akasema, “sogea kivulini. Utaanguka.”

Hakusema “mwambie.” Kidole changu kikabonyeza, sijui kwa mazoea au kwa mshtuko. Baba Mkubwa akasema, “Nimesikia,” akajivuta hadi penye kivuli cha zizi la mbuzi, macho yakiwa bado ukutani. Haukupita muda tufani ya vumbi ikaingia uani na kila mtu akakimbilia ndani. Kwa hiyo picha ni moja tu.

Jioni wakarudia yale yale ya “mwambie,” na hakuna aliyeitaja ile asubuhi.

Kona ya chini ya picha ina malengelenge kwa sababu barafu iliniishia, unisamehe. Mama amekataza picha isitundikwe nyumbani Baba Mkubwa akiwa hai, kwa hiyo nimeichapa hii yako peke yake. Gavri anakusalimu, binti yetu Kanku anakusalimu. Baba Mkubwa anakupa baraka zake. Aliniuliza kama picha imetoka, nikamwambia imetoka, akaitikia kwa kichwa na hakuuliza zaidi. Mama anasema Mataji, mungu wetu wa kike, akulinde wewe na wanao, na mule vizuri.

Utaona kwamba mdomo wake uko wazi kidogo. Watoto wakikuuliza bibi alikuwa anasema nini, waambie alikuwa anasema na Baba Mkubwa.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye kama siku zote,

Pema