Irabu Iliyodondoka

4 Juni

Shikamoo Baba,

Habari za huko, na goti lako linasemaje? Mimi mzima, ila mafua yamenikamata tangu Jumatatu. Dada ananiambia umekataa tena simu aliyokuletea, eti haina pambizo ya kusahihishia. Haya, nitaendelea kuandika, kondakta wa basi ataendelea kukuletea, na wewe endelea kunirudishia barua zangu zimejaa wino mwekundu utadhani zimetoka kupigana.

Umeuliza kazi yangu hasa ni nini. Ukatibu wa kamati ya dini zote hapa mtaani ni chumba kimoja juu ya duka la dawa, meza na viti vitatu. Shehe ana chake, Mchungaji ana chake, cha tatu ni changu na cha mlalamkaji, kwa zamu. Walinichagua kwa kuwa Mama, Mungu amrehemu, alikuwa wa msikitini na wewe wa kanisani. Walisema nyumba yetu ilikuwa kamati kabla ya kamati.

Tunafanya kazi kwa kubadilishana midomo. Uvumi ukiwaangukia Waislamu, Shehe hafungui kinywa, anakwenda Mchungaji kuwatetea. Ukiwaangukia Wakristo, anakwenda Shehe. Anayejitetea mwenyewe haaminiki. Mwezi uliopita kibanda kimoja sokoni kilichomwa moto, na midomo hiyo miwili ndiyo iliyotuliza watu. Lakini tangu hapo majirani wanapishana bila salamu. Naogopa kidogo, sikufichi.

Sasa nikupe siri, na uimeze. Macho ya Shehe yamekwisha. Aya anazo kichwani, kwa hiyo msikitini hakuna anayejua, ila simu hawezi kuisoma. Ujumbe wake wote naandika mimi, kwenye simu yake, kwa jina lake. Ameniapisha nisimwambie mtu, maana waumini hawatamfuata imamu anayepapasa ukuta.

Mchungaji ametoka hospitali juzi baada ya kupasuliwa. Shehe ameahidi mbuzi, Jumamosi ya tarehe ishirini. Atachinja mwenyewe uani kwa Mchungaji, ili watu wa pande zote wale bila kuulizana. Kisu atashika yeye, mbuzi nitamwonyesha mimi.

Mwanao,
Nukta

9 Juni

Nukta wangu,

Marahaba. Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio. Pole na mafua, kunywa maji ya moto na uache ubishi.

Barua yako nairudisha. Umemnyima mlalamikaji irabu yake. Tangu darasa la pili wewe ni mla i, mwalimu wako alikuwa akiniita shuleni kwa ajili hiyo hiyo. Ukimwandikia mtu mwingine ujumbe kwa jina lake, usome kutoka mwisho kwenda mwanzo, kama tulivyofanya kule kwenye kiwanda cha uchapaji. Jicho likisoma mbele huona linachotaka kuona. Miaka thelathini na moja nilisahihisha kurasa, na kila ukurasa nilitia saini pembeni ili kosa likitoka lijulikane la nani. Mwenye kosa alitie saini, hilo nimekufundisha tangu hujaota meno.

Siri ya Shehe nimeimeza. Hicho kibanda kilichoungua ndicho kimenikwama kooni. Hiyo kazi haina mtu mwingine?

Baba yako

17 Juni

Shikamoo Baba,

Nisamehe, leo sina nguvu za kuuliza goti. Naandika nimejifungia, na mlango nimeuegemezea kiti cha mlalamikaji.

Jana asubuhi Shehe aliniambia niwakumbushe waumini wake kwenye kundi la simu. Nilitakiwa kuandika: Jumamosi tunamchinjia mchungaji pale kwake, wote mfike mapema. Nilikuwa nashuka ngazi, dawa ya mafua imenilevya, sikusoma mbele wala nyuma. Nikala i. Baba, niliandika: Jumamosi tunamchinja mchungaji pale kwake, wote mfike mapema. Kwa jina la Shehe.

Waumini walicheka tu, habari za mbuzi walikuwa nazo. Lakini mmoja akampelekea rafiki yake acheke naye, rafiki akapeleka kwingine, na huko mbele hakuna aliyemjua mbuzi. Kufika saa nane mchana ujumbe ule ulikuwa kwenye simu ya kila mtu mtaani. Duka la dawa hapa chini limefungwa. Mlango wa Shehe umepigwa mawe, mkewe amehamia chumba cha nyuma.

Dawa ingekuwa ile ile ya midomo: Mchungaji asimame aseme ni mbuzi. Mchungaji haonekani. Ndugu zake walipouona ujumbe walimbeba na kidonda chake, hawakumwambia mtu wanampeleka wapi, na simu yake wameizima. Sasa watu wanasema keshachinjwa.

Nilimwambia Shehe natoka kwenda kusema kosa ni langu. Akanishika mkono. "Ukisema uliandika wewe, watauliza kwa nini sikuandika mimi. Acha, mwanangu. Mimi nimeshaishi."

Anadhani ni matusi na mawe ya mlangoni tu, yaishe. Hajaona nyuso za watu, na hawezi kuziona. Wapo wanaosema Jumamosi watamwahi yeye kabla hajamwahi Mchungaji. Naogopa, Baba. Naogopa mzee wa watu afe kwa irabu yangu, na naogopa nikisema watanigeukia mimi. Nifanye nini?

Mwanao,
Nukta

19 Juni

Nukta,

Marahaba. Sina muda, basi la jioni linanguruma.

Nyamaza. Usimwambie mtu neno. Panda basi la kesho asubuhi, njoo nyumbani. Shehe ni mtu mzima na amekuruhusu kwa kinywa chake. Kamati itapata katibu mwingine, mimi sina kitindamimba mwingine. Najua nilisema mwenye kosa alitie saini. Nilikuwa nasema habari za karatasi.

Nitakuwa kituoni.

Baba yako

24 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Naomba Mungu uwe hujambo. Siku nne nimeshinda kituoni nikichungulia kila basi, mpaka wapiga debe wananiita mkaguzi. Dada yako anapiga simu yako, haiiti. Redio imesema kulikuwa na ghasia nyumbani kwa mchungaji mmoja Jumamosi, na mwanamke mmoja amepelekwa hospitali. Jina hawakutaja. Ile simu nimeikubali. Iko hapa mezani, naitazama kama mgonjwa.

Nikuambie jambo ambalo hata mama yako sikumwambia. Ile kanuni ya mwenye kosa alitie saini sikufundishwa kiwandani, niliitunga mwenyewe kwa aibu. Mwaka mmoja nilipitisha tangazo la kifo lenye jina la mtu aliye hai. Ukurasa huo mmoja sikuwa nimeutia saini, tuliharakishwa. Walipouliza, nilisema ukurasa haukupita kwangu. Mpanga herufi akafukuzwa kazi, ana watoto watano. Nilinyamaza, nikapona. Miaka ishirini na minane sasa nimepona, na mpaka leo nikiona kofia kama yake sokoni navuka barabara.

Andika hata neno moja. Likiwa na makosa, liache hivyo hivyo.

Baba yako

2 Julai

Shikamoo Baba,

Usishtuke, mwandiko si wangu. Mimi nasema, Mchungaji anaandika. Mkono wangu wa kulia umevunjika mara mbili na uko kwenye plasta, na simu ilipotelea kwenye ghasia. Zaidi ya hapo ni mzima. Goti lako je, baada ya kusimama siku nne? Pole, Baba. Pole sana.

Barua yako ya kuniita nyumbani niliipata Jumamosi asubuhi, begi liko tayari. Nililikalia begi nikaisoma mara tatu. Halafu nikasikia watu wakipita chini kuelekea kwa Mchungaji, fimbo zinaburuzwa barabarani, na mtu akisema Shehe kashaonekana njiani. Alikuwa ameahidi mbuzi, na kwa yule mzee ahadi ni ahadi. Alikwenda peke yake, Baba, ameshika kamba, mbuzi anamwongoza.

Nililiacha begi nikakimbilia huko. Nikapanda benchi nikasema ujumbe niliandika mimi, nilisahau herufi i, na mbuzi mwenyewe huyo hapo. Mtu akauliza kwa nini niandike mimi kwenye simu ya Shehe. Hapo nikanyamaza, kwa sababu niliapa. Aliyejibu ni Shehe.

"Kwa sababu sioni," alisema. "Tangu mwaka juzi, sioni."

Waliokuwa mbele walishusha fimbo. Waliokuwa nyuma hawakusikia. Niliona jiwe linakuja, nikainua mkono kukinga uso, jingine likafuata. Mchungaji alifika baadaye, katoroka kwa ndugu zake, ameshikilia mshono, akauliza kwa ile sauti yake ni nani aliyemchinja. Ndipo watu walipoanza kuondoka. Anasema hapa niongeze kwamba sauti ilikuwa nzuri.

Shehe amepumzishwa uimamu. Kila siku bado anakuja, anakaa kiti cha mlalamikaji, na halalamiki. Mimi ndiye ninayeshindwa kumtazama, ingawa hajui kama namtazama au la. Mbuzi hajachinjwa, amefungwa nyuma ya duka la dawa na anakula maboksi. Wapo wanaosema hadithi yote tuliitunga. Jana tulikuta karatasi imepenyezwa chini ya mlango, neno moja tu: Bado. Nikisikia hatua kwenye ngazi nazihesabu mpaka mlangoni. Halafu nafungua, kwa sababu anaweza kuwa mtu mwenye shida yake.

Kuhusu yule mpanga herufi, sikulaumu. Ila kama yu hai, usivuke tena barabara.

Mchungaji amenisomea barua hii kutoka mwisho kwenda mwanzo, irabu zote zipo. Na ndani ya bahasha nakurudishia ile yako ya tarehe kumi na tisa. Nimeisahihisha mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Ilikuwa na kosa moja tu, lile neno Nyamaza. Nimelizungushia wino mwekundu, na pembeni nimekuachia nafasi ya saini.

Mwanao,
Nukta