Kwako Uliyeshika Mwavuli

Mpendwa uliyekuwa mume wangu,

Neno "mpendwa" nimeliweka kwa sababu barua huanza hivyo. Usilibebe moyoni. Na nimekuandikia wazi, kila mtu asome, kwa kuwa wewe hukuwahi kufanya jambo jema pasipo watu wa kukutazama. Leo nimekupa watazamaji. Kaa vizuri kwenye kiti chako cha ofisini huko Rohero.

Juzi ulimtuma dereva wako hapa Kanyosha kutuambia kwamba utakuja na wageni kuiona "bustani ya amani", na kwamba sisi wanawake tujipange kwenye matuta, tuvae vitenge vinavyofanana na tushike majembe. Maskini dereva, alisema hayo akitazama viatu vyake. Mama Spès, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Na yeye atashika nini?" Tukacheka hadi dereva naye akacheka bila kujua anachocheka. Wageni wako pia hawatajua, kwa hiyo nawaeleza.

Nianze pale uliponianza wewe. Unakumbuka ulivyokuja kunichumbia Buyenzi? Wanaume wengine walikuja na vitenge na manukato. Wewe ulikuja na ndoo ya mboji, ukaiweka mlangoni kwa mama mdogo Zaina, yule aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Alifunua kifuniko akarudi nyuma. "We mutoto wa watu," akakuambia, "umetuletea takataka?" Ukachota konzi, ukamwekea puani, ukamwambia anuse. Haikunuka. Ilikuwa na harufu ya mvua ya kwanza. Ukamweleza kwamba mle ndani mlikuwa na maganda ya ndizi, vichwa vya ndagala, wale dagaa wa ziwani, na majivu, na kwamba kila kilichooza kina kazi yake. Mama mdogo alinitazama mimi, wala hakukutazama wewe, akasema, "Huyu anajua kuongea." Mimi nilidhani anakusifu.

Alitupa nyumba. Pale Buyenzi yeye mwenyewe alikuwa mpangaji. Mali yake duniani ilikuwa kiwanja hiki cha Kanyosha, pamoja na kijumba cha matofali alichokijenga kwa miaka ya kukaanga vitumbua. Akatukabidhi tukae tulipooana, bila masharti, kama mzazi anavyompa mwanawe. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe tulikupa jembe, ukaona ni afadhali tukupe na shamba.

Kisha mambo yakaharibika mjini, vita ikaingia. Watu wa Bwiza na Buyenzi wakatoka mbio, kila mtu na alichoweza kubeba. Mama mdogo alipita hapa asubuhi akielekea Uvira, ng'ambo ya mpaka, ana birika, mkeka wa kuswalia na nguo alizovaa. Hakukaa hata kunywa chai. Alisimama pale penye mlango, akakuambia wewe, si mimi, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa mwanaume wa nyumba: "Baba, usiache parseli yangu ikuwe pori. Ikikuwa pori batasema haina mwenyewe. Lima. Lima kila pahali." Ukamshika mikono yote miwili, ukamwapia. Machozi yalikutoka. Sijawahi kuelewa yale machozi yalitoka wapi.

Na ulilima, siwezi kukunyima hilo. Au tuseme ulilimisha. Ulikusanya wanawake wa mtaa, wa kila upande, wakati watu wa kila upande walikuwa wameacha kusalimiana. Ulitufundisha kuchimba matuta yanayoshika maji, kupanda lengalenga, mchicha wetu, kando ya vitunguu, kufunika udongo kwa majani makavu, kutochoma moto tena. Jumamosi uliwaleta watoto wa shule, ukawaimbisha wimbo wa nyungunyungu, wakarudi nyumbani kuwakemea mama zao wanaotupa maganda mferejini. Siku moja risasi zikalia kutoka milimani katikati ya somo. Tulilala wote kwenye matuta, watoto chini yetu, na wewe ukaweka mkono wako juu ya kichwa changu ukaubakiza pale mpaka kukatulia. Nilikuwa na udongo mdomoni na nilikupenda. Siku ile nilikupenda kweli. Ninaiandika hapa ili nisije nikaitwa mwongo.

Basi wafadhili wakaja, na ndipo ulipoanza kuoza. Ukapata fulana yenye jina la mradi, kisha bango, kisha ile sauti. Ulikuwa ukituambia "jamani, tumwagilie". Ukaanza kutuambia "sensibilisation". Kitunguu kikawa "biodiversité". Ulikwenda kwenye atelier, zile semina za Rohero, kuzungumzia udongo, ukarudi na viatu visivyo na vumbi. Watu wakizikwa mtaani, wewe ulikuwa unatafuta neno zuri la ripoti.

Ile amri ilipotoka kwamba mahindi na mtama karibu na barabara vikatwe, kwa sababu waasi wanajificha humo, askari walifika kwa Mama Spès na mapanga. Mahindi yake yalikuwa yamebeba, yamebakiza kukomaa tu. Aliwapigia magoti. Yalikatwa yote, na yeye akakaa chini katikati ya mabua. Wewe ulimwendea. Nikafikiri unakwenda kumpa pole. Ulimwambia mabua yale ni matandazo mazuri sana, asiyachome. Mimi, mkeo, nilisimama pale nikasikia, na nilitamani ardhi uliyokuwa ukiisifu kila siku ipasuke initie ndani.

Sasa nakuja kwenye uzio.

Uzio wa matete aliouacha mama mdogo ulikuwa umeoza, mwingine umeibiwa ukawa kuni. Ukatangaza kwamba kukata miti kwa ajili ya uzio ni kuua mazingira, kwamba tutapanda uzio hai, wa umuyenzi, ule mnyaa wenye vijiti vya kijani ambao ukichomeka fito tu unashika. Ukapanga sherehe. Jioni moja kabla yake Mama Spès alinivuta pembeni. "Kwetu kule kilimani," akaniambia, "mwenye parseli ndiye anachomeka fito ya kwanza. Kama ni mutu mwingine anachomeka, iko anasema ni yake. Mama Zaina iko Uvira. Mbona munachomeka?"

Nilikuletea maneno hayo ukiwa unapiga pasi shati lako jeupe. Ulicheka. "Hayo mambo ya bibi zetu, chérie. Hii ni ekolojia."

Mimi ni mtoto wa Buyenzi. Kwetu mipaka ni ukuta na mabati, na jirani akikuzidi unapelekana naye kwa mwenye nyumba. Umuyenzi ningeujulia wapi? Lakini wewe ulizaliwa kilimani. Baba yako alipanda umuyenzi, na babu yako. Ulijua kuliko Mama Spès, kuliko wote waliokuwa pale. Hilo ndilo linalonichefua mpaka leo: hukukosea hata kidogo. Ulichukua desturi ya wazee wako, ukaivisha fulana ya mradi, ukawafanya watoto wa watu wakuzungushie mali ya mwanamke aliyekimbia, huku wanaimba.

Na uzio ukashika, ukarefuka kuliko mahindi ya Mama Spès. Askari walipita na mapanga yao, wakaliona bango, wakauacha.

Miaka ikapita, njia ya Uvira ikaanza kurudisha watu. Mama mdogo alishuka Ijumaa moja akiwa na birika lile lile, mkeka umechakaa, na meno ya mbele hayapo. Nilikuwa nachota maji. Wewe ndiye uliyemfungulia. Na unakumbuka ulifanya nini? Ulimtembeza. Ulimpokea kwa tabasamu la wageni, ukamwonyesha matuta, ukamweleza mboji inavyotengenezwa, ukamwonyesha chumba cha nyuma ukamwambia anaweza kupumzika mle "mpaka apate pa kwenda". Mwanamke aliyechanganya udongo wa yale matofali kwa miguu yake. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ananitazama kama mtu aliyepotea njia. "Mutoto wangu," akaniuliza, "hapa ni kwa nani?"

Nilimjibu kwamba ni kwake. Nawe ukajibu kwamba hilo litazungumzwa.

Likazungumzwa. Wazee wa baraza, abashingantahe, walikuja na fimbo zao, wakaketi palepale bustanini, mtaa mzima ukasimama nyuma yao. Mama mdogo hakuwa na la kusema zaidi ya kwamba alikuomba ulime. Kisha ukasimama wewe. Ulisema vizuri kupita siku zote. Ukaeleza ulivyoikuta ardhi imechoka ukaiponya. Na mwisho, mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele ya watu, wewe uliyeniambia hayo ni mambo ya bibi zetu, ukanyoosha mkono kwenye uzio ukasema, "Wazee, mnajua wenyewe. Anayezungusha umuyenzi ndiye mwenye pahali. Na huu nimeuzungusha mimi."

Nilimwona mama mdogo akiukunja mkeka wake magotini, kama mtu anayejiandaa tena kwa safari. Desturi ni desturi, na wazee wale waliishi kwayo. Nilijua tumekwisha.

Mzee wao akauliza, kwa utaratibu tu, kama inavyoulizwa siku zote: "Ni nani alichomeka fito ya kwanza?"

Nilikuona ukikumbuka. Maana kwenye miradi yenu fito ya kwanza haichomekwi na mwenye mahali. Huachiwa mgeni rasmi.

"Ni Madame," alisema Mama Spès.

"Madame gani?"

"Ule muzungu wa projet. Alivaa gants mikononi, alipeana mukono, akachomeka moja, bakapiga makofi."

"Na huyu?"

"Huyu alikuwa anamushikia mwavuli. Jua lilikuwa kali."

Kicheko kilianzia kwa watoto, wale wale waliokuwa wadogo siku ile, sasa wana vifua na ndevu. Mmoja akasema yeye alichomeka upande wa mfereji. Mwingine, upande wa barabara. Mama Spès akasema yeye alichomeka kule nyuma ya choo, na kila fito aliyoichomeka alitaja jina la Mama Zaina, kimoyomoyo, kwa kuwa mume wa jirani yake hakutaka ushauri. Wakaulizana mtaa mzima. Hakupatikana hata mmoja aliyewahi kukuona umeshika fito ya umuyenzi. Uliogopa maziwa ya utomvu wake yasikuingie machoni, na ulikuwa na shati jeupe.

Mzee alipiga fimbo chini. "Basi," akasema, "muiteni Madame aje adai shamba lake. Kama haji, ni la Zaina."

Wewe uliondoka jua likiwa bado juu, na mimi sikukufuata. Ulinipa muda wa kufikiri, sikuutumia. Talaka ilipokuja niliipokea nikiwa nachanganya mboji, nikanawa mikono, nikaiweka ndani, nikarudi kuchanganya. Nililia baadaye, ndiyo, usije ukadhani mimi ni jiwe. Nilimlilia yule aliyeniwekea mkono kichwani kwenye matuta. Wewe sikukulilia.

Nasikia una ofisi nzuri, na kwamba kwenye meza yako kuna maua ya plastiki. Aliyeniambia hakuamini kwamba sikushangaa.

Kwa hiyo jibu la maagizo yako ni hili. Walete wageni wako. Bustani ipo, watoto bado wanaimba wimbo wa nyungunyungu Jumamosi, na Mama Spès ana mahindi marefu yasiyokatwa na mtu. Hatutavaa vitenge vinavyofanana. Mwenyeji atakuwa mama mdogo Zaina, na atawaeleza mwenyewe nani alilima, nani alichomeka, na nani alishika nini. Uzio hatukuung'oa, hauna kosa. Mama mdogo alitafuta mwanya mmoja uliokufa fito zake, akachomeka yake pale kwa mkono mtupu, maziwa yakamchirizika hadi kwenye kiwiko. Wageni wako wataonyeshwa fito hiyo kwanza.

Ukija, njoo na kofia. Mwavuli hatuna wa kukushikia.

Na kitu kimoja umeshinda, nikiri. Ulitufundisha kwamba kila kilichooza kina kazi yake, na hapa Kanyosha tumeona ni kweli: maganda, vichwa vya ndagala, majivu, hata yale mabua ya Mama Spès. Kazi yako wewe bado naitafuta.

Baki salama huko uliko.

Aliyekuwa mkeo,
mtoto wa Zaina